Mfupa wa paja wa udongo: kwa nini ulipasuka, na namna ya kuufinyanga upya

Swali: "Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia kwenye sekondari ya kata huku Mbagala. Maabara yetu haina kiunzi cha mifupa, kwa hiyo mimi na wanafunzi wa kidato cha tatu tulifinyanga mfupa wa paja wa ukubwa halisi, kwa udongo tuliochimba bondeni. Ndani tuliweka kipande cha nondo ili usivunjike. Siku ya nne ulipasuka mviringo mahali patatu, na kichwa kikadondoka chenyewe. Tulikosea wapi? Tanuri hatuna. Na je, rangi ya mfupa tutaipataje?"

Marahaba, mwalimu. Vipande vya mfupa huo msivitupe, hata vile vidogo. Vina kazi, nitavirudia.

Kilichoupasua ni nondo. Udongo mbichi umebeba maji katikati ya chembe zake. Maji yakitoka, chembe zinasogeleana na kitu chote kinapungua. Udongo mwingi wa kufinyangia hupungua kati ya asilimia 5 na 8 kwa kukauka tu, kabla haujauona moto. Mfupa wenu wa karibu nusu mita ulitaka kufupika sentimita tatu hivi, na nondo haifupiki. Udongo ukavuta, chuma kikakataa, na kwa kuwa udongo ndio dhaifu, ukakatika pale ulipokuwa mwembamba. Ndiyo maana nyufa zenu zimezunguka kama pete badala ya kwenda kwa urefu. Wazo najua lilitoka kwa mafundi wa nyumba, maana watu wengi wananiletea vitu vyenye nondo, waya na fimbo ndani, wote wakiwa na nia njema. Lakini zege haligandi kwa kukauka kama udongo wetu, na halipungui kiasi hicho. Kwenye udongo wa kufinyanga usiache ndani kitu chochote kigumu.

Kichwa kilidondoka kwa sababu nyingine. Nadhani mlifinyanga mwili wa mfupa siku moja, kichwa siku ya pili, kisha mkakibandika. Mwili ulikuwa umeshaanza kukakamaa, kichwa bado kibichi. Kile kibichi kikapungua zaidi na kujibandua. Wazee walisema udongo uwahi ungali maji. Sisi wafinyanzi tunaongeza kwamba vipande viwili vinavyoungana lazima viwe na maji sawa.

Hilo ndilo jibu la haraka, lakini kuna jambo jingine ningependa tulikalie, maana litawapa mfupa na somo kwa pamoja. Mliweka nondo kwa sababu mliuona mfupa kama gogo, mkahofia gogo jembamba litavunjika. Mfupa wa paja ni bomba. Katikati ya urefu wake ukuta mgumu una unene wa milimita chache tu, na ndani ni uwazi wenye uboho. Bomba hilo jepesi ndilo linalombeba mchukuzi wa Kariakoo pamoja na gunia lake. Mkiufinyanga wazi ndani kama ulivyo, udongo utakauka sawasawa nje na ndani, hautakuwa na sehemu nene ya kuficha maji, na hautahitaji nondo. Nimeona jambo hili likijirudia kila mara: pale ninapofuata umbo la kweli la mfupa, udongo unanitii, pale ninapodanganya, unapasuka.

Nililijua kwa mikono kabla sijalijua kwa vitabu. Nilizaliwa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, kwa Wakisi, ambako wanawake hufinyanga vyungu bila gurudumu na kuvipeleka kwa mtumbwi kwenye soko la Matema. Mama alikuwa anakwangua chungu kwa ndani hadi ukuta wote ulingane, na mahali alipopasahau ndipo moto ulipompasulia. Nilipohamia Dar es Salaam na kuanza kufinyanga mifano ya kufundishia kwa ajili ya chuo kimoja cha afya, nilikuta mfupa ni chungu kirefu tu, chenye adabu zilezile.

Kabla hamjashika udongo, nendeni buchani. Mwombeni muuza nyama mifupa miwili ya paja la mbuzi, mmoja mzima na mwingine aupasue kwa urefu kwa msumeno. Ichemsheni mpaka nyama na mafuta yatoke, muioshe, muianike. Mfupa wa mbuzi ni mfupi na shingo yake si kama ya mtu, lakini ule uliopasuliwa utawafundisha kuliko mchoro wowote ubaoni. Wanafunzi wataona ukuta ulivyo mnene katikati na unavyozidi kuwa mwembamba kuelekea ncha zote mbili, na jinsi kule kwenye ncha uwazi unavyojaa vijiti vidogo vilivyosukana kama sifongo. Wengi wao wamekula makongoro tangu utotoni na wamefyonza uboho, ila hawajawahi kuambiwa walichokuwa wakikitazama.

Vile vijiti vina habari yake. Mwaka 1866 kule Zürich, Uswisi, mhandisi Karl Culmann alitazama mfupa wa paja uliopasuliwa na mwanaanatomia Hermann von Meyer, akashtuka, kwa sababu mistari ya vile vijiti ilifanana na ile aliyokuwa anaichora akikokotoa jinsi mzigo unavyopita ndani ya kreni. Sisi kreni tunazo bandarini pale, mwanafunzi wa Mbagala akipita Kilwa Road kuelekea mjini anaziona. Mwonyesheni kwamba kichwa cha mfupa wa paja kimening'inia pembeni mwa mwili wake kama mkono wa kreni, na mzigo wake ni kiwiliwili chote. Baada ya hapo hatauliza tena kwa nini shingo ya mfupa imekaa upande.

Mkipata ruhusa ya kutazama kiunzi kwenye chuo cha afya kilicho karibu, nendeni na rula, uzi na kipimapembe, msitegemee simu peke yake. Picha hulaza kila kitu. Mtu aliyefinyanga kwa kutazama picha hutoa mfupa bapa, tena mara nyingi hutoa ule wa katuni, fimbo yenye vinundu viwili kila upande, ambao mwili wa binadamu hauna mahali pa kuuweka.

Tuje kwenye vipimo. Mfupa wa paja ni karibu robo ya urefu wa mtu, au zaidi kidogo. Mtu wa sentimita 170 ana mfupa wa sentimita 45 hivi. Kichwa chake ni kama theluthi mbili za mpira wenye kipenyo cha sentimita 4.5 au 5. Mwili katikati ni karibu sentimita 3, na upande wa goti upana unafika sentimita 8 hivi. Hivyo ni vipimo vya mfupa uliokwisha. Udongo mtakaoufinyanga lazima uwe mkubwa zaidi, na ukubwa huo haukisiwi. Tengenezeni kigae cha majaribio, chora juu yake mstari wa sentimita 10 kamili kikiwa kibichi, kikausheni, kichomeni, kisha mpime mstari tena. Ukisoma sentimita 9, udongo wenu unapungua asilimia 10, kwa hiyo gawanyeni 45 kwa 0.9, mfinyange wa sentimita 50. Hapo mwalimu wa Hisabati naye atapata somo.

Udongo wa bondeni haufai kutumiwa moja kwa moja. Ulowekeni kwenye ndoo siku mbili au tatu, ukorogeni mpaka uwe uji, muuchuje kwa chandarua kuukuu ili mizizi na kokoto zibaki, muuache utulie, mwage maji ya juu, kisha muuanike juu ya kitambaa mpaka ushikike bila kunata mkononi. Bingirisheni bonge dogo liwe mwaya, yaani kamba ya udongo, wa unene wa kidole, muuzungushe kwenye kidole. Ukizunguka bila kupasuka, unafaa. Ukikatika, una mchanga mwingi; tafuteni udongo mwingine wa kuuchanganya nao.

Sasa vile vipande vilivyovunjika. Vilivyo safi vilowekeni, vitarudi kuwa udongo. Halafu tafuteni vigae vya vyungu vilivyokwisha kuchomwa, au tofali la kuchoma lililovunjika, mvitwange kwenye kinu mpaka viwe chenga kama sukari, mchanganye kiasi cha sehemu moja ya chenga kwa sehemu tano za udongo. Chenga hizo zilishapungua zamani, kwa hiyo hazipungui tena, na zinaacha vinjia ambamo mvuke utapita. Bila chenga, moto wa shimoni utawapasulia. Wakati wa kutwanga nyunyizeni maji kidogo na mfunge kitambaa puani. Na mkimaliza kazi msifagie darasa kavukavu, pigeni deki, maana vumbi la udongo lina chembe ndogo za silika zinazodhuru mapafu.

Mchanga wa pwani msiuguse, hata kama Kigamboni iko karibu na ni wa bure. Una chumvi, na una vipande vya makombe na matumbawe. Moto hugeuza makombe kuwa chokaa, nayo hubaki ndani ya mfupa ikinyonya unyevu wa hewa ya Dar es Salaam, ikivimba polepole. Wiki mbili baada ya kuchoma mtaona vipande vidogo vinaruka juu ya uso na kuacha vishimo vyenye doa jeupe chini. Nimepoteza kazi nzuri kwa sababu hiyo. Udongo wenu wa bondeni nao upimeni: dondosheni siki juu ya bonge kavu, na likichemka povu, lina chokaa, tafuteni bonde jingine.

Kwa kufinyanga, anzeni na mwili. Chukueni bomba la plastiki la nusu inchi, mlivishe gazeti kavu mizunguko miwili au mitatu bila gundi. Sukumeni udongo kama chapati ya unene wa milimita 6 au 7, muuzungushie bomba, muunge mshono kwa kuuchanjachanja kwa uma pande zote mbili, kupaka uji wa udongo na kubana. Gazeti lipo ili bomba liteleze. Likae ndani kwa saa chache tu, mpaka udongo usimame wenyewe, kisha lichomoeni mkilizungusha. Mkilisahau mpaka kesho, mtakuwa mmerudisha nondo kwa jina jingine.

Udongo ungali laini, upindeni kidogo sana uelekee mbele. Mfupa wa paja haukunyooka, una upinde mdogo upande wa mbele, na upande huo ni laini. Nyuma yake una mwinuko mrefu wenye makwaruzo, kama mshono, unaoteremka katikati ya mwili, ambako misuli mingi ya paja imejishikiza. Ufinyangeni kwa mwaya mwembamba wa udongo, muukwaruze kwa gunzi la hindi. Hapohapo nyuma, karibu na mwinuko huo, mfupa wa kweli una tundu dogo linalopitisha mshipa wa damu kwenda kwenye uboho, nalo limeelekea juu, kama linakimbia goti. Toboeni tundu hilo kwa spoki ya baiskeli mpaka mfike ndani. Kwa mwanaanatomia ni njia ya damu. Kwa mfinyanzi ni njia ya mvuke, na bila hiyo unyevu wa ndani hauna pa kutokea. Sijui kazi nyingine ya udongo ambayo umbo la mwili limeniwekea tundu mahali hasa ninapolihitaji.

Ncha ya juu ndiyo yenye utajiri, msiikimbilie. Kichwa kifinyangeni kama vikombe viwili vidogo kwa kidole gumba, mviunganishe kuwa mpira mtupu ndani, na mtoboe upande utakaoungana na shingo ili uwazi wa kichwa, shingo na mwili uwe mmoja. Kwenye kichwa, upande wa ndani, bonyezeni kishimo kidogo kwa njiti ya kiberiti. Hapo hushika kano inayokwenda kwenye tundu la nyonga. Shingo itoke mwilini kwa pembe ya nyuzi 125 hadi 130, mpime kwa kipimapembe, na iinamie mbele kidogo. Mkiulaza mfupa chali mezani, kichwa kinyanyuke, kisiguse meza. Shingo hii wekeni udongo mzuri kuliko kwingine kote, muunge vizuri, kwa sababu ndipo mfano wa udongo unapovunjika kwanza. Na bibi akianguka bafuni, mara nyingi ni hapohapo panapovunjika. Waambieni watoto, ili siku nyingine mzee wa nyumbani akianguka na kushindwa kusimama wasimkande kwa maji ya moto siku tatu, wampeleke hospitali siku hiyohiyo.

Pembeni mwa shingo, upande wa nje, kuna nundu kubwa inayoitwa trokanta kubwa. Kila mwanafunzi anayo na anaweza kuigusa sasa hivi: asimame, aweke kiganja ubavuni mwa nyonga, auzungushe mguu ndani na nje, atausikia mfupa ukitembea chini ya mkono. Sasa asimame kwa mguu mmoja. Msuli unaokaza juu ya kiganja chake umeshika nundu hiyo, na ndio unaozuia kiuno kisiangukie upande wa pili. Trokanta ndogo iko chini zaidi, ndani na nyuma. Msuli ulioishika huinua paja, ndio anaoutumia abiria kupanda ngazi ya daladala. Mwanafunzi aliyekwisha kuusikia msuli akifinyanga nundu yake, hataiweka mahali pasipo pake. Hii ndiyo sababu sipendi wapewe picha na kuambiwa wanakili vinundu. Nundu ni mshiko. Kama hakuna kinachoshika, hakuna nundu.

Ncha ya goti ina mafundo mawili, kondili, yaliyojitokeza zaidi nyuma, na katikati yake nyuma kuna bonde lenye kina. Mbele bonde hilo linakuwa mfereji laini ambamo pia ya goti inateleza. Ukingo wa nje wa mfereji uwe juu kuliko wa ndani, kwa sababu misuli ya paja huivuta pia ya goti kuelekea nje, na ukingo huo ndio unaoizuia isitoke. Finyangeni kila kondili kama kikombe kilichofunikwa, wazi ndani, na uwazi wake uungane na wa mwili. Kisha jaribuni hivi: simamisheni mfupa mezani, kondili zote mbili ziguse meza. Mwili usisimame wima. Uegemee nje kwa nyuzi kama 10. Ukisimama wima kama nguzo, kondili ya ndani ni fupi mno, iongezeni. Mwegemeo huo ndio unaoyaleta magoti yetu chini ya kiwiliwili tunapotembea, sokwe hana. Nyayo za Laetoli huko Ngorongoro, zilizogunduliwa mwaka 1978 na zenye umri wa miaka milioni 3.6 hivi, zinaonyesha kwamba katika nchi hii viumbe walikuwa wakitembea kwa miguu miwili zamani kiasi hicho.

Amueni tangu mwanzo kama ni mfupa wa kulia au wa kushoto, muuandike ndani kwa kijiti. Mwanzoni nilifinyanga mfupa kwa siku tisa, mzuri, kumbe niliombwa wa kulia nami nimetoa wa kushoto. Mkufunzi aliugundua kwa kuutazama mara moja. Tangu siku hiyo naushikilia kwenye paja langu mwenyewe kabla ya kuunga kichwa: upinde mbele, makwaruzo nyuma, kichwa kitazame ndani.

Muda wa kuunganisha ncha na mwili ni pale vipande vyote vimekakamaa kama sabuni ya mche, vinakatika kwa kisu lakini havibonyei kwa kubebwa. Kimoja kikitangulia kukauka, kivisheni kitambaa chenye unyevu usiku kucha ili visubiriane. Chanjachanja, paka uji, bana, kisha pitisha mwaya mwembamba juu ya kiungo na kuulainisha.

Kukausha hapa mjini kunahitaji subira. Msiuweke chini ya pangaboi wala dirishani penye upepo wa bahari, upande mmoja utatangulia na mfupa utapinda. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, na mimi sikuipenda hata kabla ya hapo. Kanga kuukuu iliyokamuliwa vizuri na kipande cha turubai juu yake vinatosha. Ulazeni juu ya maranda makavu ili uweze kuteleza unapofupika. Siku tano za kwanza ufunikwe, kisha muufunue kidogokidogo, wiki mbili kwa ujumla, na wakati wa masika hata tatu. Ukidhani umekauka, ugusishe shavuni. Ukiwa wa baridi, bado una maji.

Rangi ipakwe mfupa ungali kama sabuni ya mche. Kwenye vilima vya Pugu, kuelekea Kisarawe, kuna kaolini, udongo mweupe uliochanganyika na mchanga. Ikorogeni kwenye maji, mchanga utazama haraka, mwage uji mweupe kwenye chombo kingine. Kaolini peke yake hupungua kidogo kuliko udongo mwekundu na inaweza kubanduka, kwa hiyo changanyeni sehemu tatu za kaolini na moja ya udongo wenu, mjaribu kwanza kwenye kigae. Itatoka rangi ya maziwa yaliyochacha, na hiyo ni karibu na ukweli kuliko weupe wa chaki. Kwenye kichwa na kondili sugueni kwa kokoto laini mpaka zing'ae, kwa kuwa hapo mfupa hufunikwa na gegedu na ni laini. Kwingine acheni palivyo.

Tanuri si lazima. Wauza vyungu vya maua barabarani wanaweza kuwaelekeza fundi wao anapochomea, na hilo ningelijaribu kwanza. Mkichoma wenyewe, iwe mbali na madarasa, siku isiyo na upepo, ndoo za maji na mchanga karibu, na watu wazima ndio washike moto. Mfupa upashwe joto juu ya bati lenye makaa kidogo kwa saa tatu au nne, mkiugeuza. Hatua hii ndiyo inayookoa kazi. Maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi kama mara 1,700 ya ile ya mwanzo, na mvuke ukikosa njia hulipua ukuta. Kisha ulazeni kwenye shimo la kina cha goti, juu ya vigae, mzungushie makumbi na vifuu vya nazi, juu kuni, na juu kabisa vigae vya bati ili upepo usiupige. Moto wa namna hiyo hufika nyuzi 600 hadi 800 hivi, unatosha kuufanya udongo usirudi tena kuwa tope. Panapogusana na makaa patabaki weusi. Mimi weusi huo siuonei haya, lakini mkitaka mfupa safi, ukingeni kwa vigae pande zote.

Usifukuliwe jioni. Karibu na nyuzi 573 chembe za mchanga zilizo ndani ya udongo hubadilika ukubwa ghafla, kwenda na kurudi, na mfupa ukipigwa na hewa baridi wakati huo hulia "tiki" na kupata ufa. Acheni mpaka asubuhi, majivu yawe ya kushikika kwa mkono.

Kama darasa ni kubwa, msiwaweke wote kwenye mfupa mmoja. Mkono wa mtu, kuanzia kifundo mpaka ncha za vidole, una mifupa 27: minane ya kifundo, mitano ya kiganja na 14 ya vidole. Hiyo ni midogo, mingi yake haizidi unene wa sentimita mbili, inaweza kufinyangwa imejaa bila shida ikikaushwa vizuri, na kila mtoto anaondoka na mfupa wake mwenyewe. Na kwa wale wenye hamu zaidi, fanyeni kichwa cha mfupa wa paja kilichokatwa nusu: sehemu ya ndani changanyeni udongo na unga wa mbao, nusu kwa nusu. Moto utaula unga wote na kuacha vitundu, na watoto watakuwa na ile sifongo ya Culmann mikononi.

Mtakapoufukua, pulizeni majivu, muushike katikati kwa vidole viwili na kuugonga kwa ukucha. Ukilia kama kikombe cha udongo, umeiva. Ukitoa sauti iliyokufa, kuna ufa, utafuteni karibu na shingo kabla ya kwingine. Niandikie umelia vipi.